Tetemeko Lilimkuta Wifi Edani

Tetemeko lilinikuta njiani na hotipoti ya uji mkononi, na naomba ijulikane kwamba sikumwaga hata tone. Wengine walitupa ndoo, wengine walitupa simu. Mwanamume mmoja aliiacha baiskeli yake ikaanguka akaenda kukumbatia nguzo ya umeme, mahali pa mwisho kabisa pa kukumbatia siku kama ile. Mimi nilipiga magoti katikati ya barabara nikaikumbatia hotipoti na kusoma kila dua niliyoijua, hata ile ya kulalia. Ardhi ilipotulia, mabati ya Ujiji nzima yalikuwa bado yanagongana. Halafu kukawa kimya kidogo, halafu watu wote wakaanza kusema kwa pamoja.

Uji ule ulikuwa wa wifi yangu, Zuleha. Mumewe, kaka yangu Gharib, alikuwa amefariki, na Zuleha alikuwa ndani anakaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki, hajipambi, hajitii manukato, na ndugu wa mume ndio wanaomletea mahitaji. Yeye alikuwa ameshavuka nusu. Zamu ya asubuhi ilikuwa yangu kwa sababu naishi mtaa wa pili, na kwa sababu ndugu zangu wanasema mdomo wangu unamchangamsha mtu hata asipotaka kuchangamka.

Mimi na Zuleha hatukuwa chanda na pete. Yeye ni mtu wa Kalinzi, kule juu kwenye kahawa. Alikuja hapa bado msichana, akaolewa na kaka yangu, na miaka yote hiyo akaongea kama anayeogopa kumwamsha mtoto, ingawa mtoto hawakujaliwa. Ukimuuliza tupike nini, anakwambia mtakavyoona. Mimi mtu wa mtakavyoona ananitia wazimu. Lakini nilipoinuka pale barabarani na kuona vumbi linapanda upande wa mtaa wao, nilikimbia, na nilikimbia kwa ajili yake.

Nilikuta watu wamejaa kwenye kiwanja mbele ya nyumba, pale wanapoanika dagaa. Kutoka pale ziwa linaonekana lote, na lilikuwa limetulia kama halihusiki. Mwenyekiti wa mtaa, Feliksi, alikuwa amesimama juu ya kreti ya soda anapaza sauti. Majiko yazimwe. Watu wavae viatu, vioo vimetapakaa. Wakae mbali na kuta na nguzo. Nyumba yenye ufa asiingie mtu, hata kama amesahau nini, kwa sababu haya mambo hayaji mara moja, yanarudi, na kinachoua watu mara nyingi ni kule kurudi.

Nilitazama nyumba ya kaka yangu. Ni nyumba ya zamani ya matofali mabichi, aliijenga marehemu baba, sote tumezaliwa humo. Ufa ulikuwa umeanza juu ya mlango ukapanda hadi kwenye bati, mpana kiasi cha kupitisha mkono. Ukuta wa nyuma, ule wa chumba cha kulala, ulikuwa umeachana na kenchi za paa, ukiinamia ndani. Hata mtu asiyejua ujenzi angeona kwamba unasubiri kusukumwa tu.

Na kwenye kizingiti, ndani, mtandio kichwani na mikono imefumbatwa, alisimama Zuleha.

"Niko salama, wifi," alisema. "Uji upitishie hapo hapo tu."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Uji gani? Toka nje."

"Niko eda."

"Najua uko eda. Eda yenyewe ninaipikia mimi. Toka."

Akatikisa kichwa taratibu, akanyoosha mkono kupokea hotipoti. Nami, kwa upumbavu, nikampa.

Tetemeko la pili lilikuwa dogo, la kukufanya ujiulize kama ni wewe au ni ardhi. Kwenye kiwanja watu waliguna. Juu ya kichwa cha Zuleha pande la udongo lilimeguka likaanguka miguuni pake, na yeye akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Nilimwona anavyokitazama kile kizingiti, akatazama mchanga wa nje, hatua moja tu, akarudi nyuma.

Hapo hasira zangu zikapanda. Mimi nikiogopa ninakasirika, ndivyo nilivyoumbwa. Nikampigia simu sheikh wetu, nikaweka sauti kubwa ili kila mtu asikie. Sheikh naye alikuwa nje ya nyumba yake, anahema. Akasema bila kusitasita kwamba mjane akihofia nyumba kumwangukia anatoka, anahamia mahali pa karibu penye usalama, anaendelea na eda yake pale pale, na wala hakuna dhambi. Akarudia. Akasema Zuleha amsikie yeye na asiogope.

"Nimemsikia sheikh," Zuleha alijibu kwa heshima. "Mungu amlipe kheri."

Hakusogea.

Mama Yona, jirani yake, Mkristo wa Kiha mwenye kuuza mawese, akasema labda tatizo ni wanaume. Kiwanja kizima wamejaa wanaume, mjane atapitaje katikati yao? Sote tukaona ndiyo yenyewe. Feliksi akaamuru wanaume wasogee upande wa barabara na wageuze migongo. Turubai la kuanikia dagaa likafungwa kwenye miti minne katikati ya kiwanja, mbali na kila ukuta, likawa kibanda. Wanawake wakavua kanga za juu, wakasimama mistari miwili kutoka mlangoni hadi kwenye turubai, kila mmoja ameshika pindo la kanga ya mwenzake. Ukawa ukumbi wa kanga, wa rangi zote, na mtu angepita humo bila kuonekana hata unyayo. Waislamu na Wakristo, wengine hata hawamjui Zuleha. Niliwatazama nikataka kulia.

"Haya, wifi," nilisema, sasa kwa upole. "Njia hiyo."

Zuleha aliitazama ile njia, machozi yakamtiririka. "Mungu awabariki," alisema. "Lakini sitoki."

Hapo ndipo kaka yetu mkubwa, Saidi, alipofika na bodaboda, koti kavaa upande mmoja. Saidi ndiye baba yetu sasa, anayeamua mambo. Alipoelezwa, akaja hadi kwenye kanga, akapaza sauti. "Nini mchezo huu? Mtoeni. Mshikeni mikono mumtoe."

Aliposikia sauti ile, Zuleha aligeuka akaingia ndani zaidi. Hakubaki kizingitini ambako angalau angeweza kuruka. Alikwenda kule kule chumbani, chini ya ule ukuta.

Mtu anayeogopa nyumba kuanguka hakimbilii ndani yake. Nilimtazama kaka yangu, nikatazama mlango mtupu, na nikajua kwamba tangu asubuhi tulikuwa tunajibu swali ambalo Zuleha hakuuliza.

Nikaingia. Feliksi alinipigia kelele, Saidi akaniita kwa jina langu lote, lakini nilikuwa nimeshapita. Ndani kulikuwa na harufu ya udongo mbichi, kama kaburi jipya. Uji ulikuwa mezani, haujaguswa. Zuleha alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, na nyuma yake mwanga wa nje uliingia mahali ambapo ukuta na bati vilikuwa vimeachana.

Nikakaa kando yake. "Wifi," nikamwambia, "sina muda na wewe huna. Nieleze."

Akasema, kwa ile sauti yake ya kutoamsha mtoto, "Siku ya arobaini, nyinyi mlipokuwa mnaosha vyombo uani, shemeji Saidi alikuja ukumbini. Akasema nyumba hii ni ya ukoo. Mimi nimeachwa humu kwa ajili ya eda tu. Akasema siku nitakayotoka kwenye mlango huu, nimetoka moja kwa moja, nisihangaike kurudi."

"Alisema hivyo?"

"Alisema vizuri tu, hakugomba." Akajifuta uso. "Kalinzi wazazi wangu hawapo. Shamba wanalo kaka zangu na wake zao. Mtoto sina. Nikitoka sasa, wifi, naenda wapi? Nikasema basi, nikae mpaka siku ya mwisho, labda ikifika Mungu atakuwa amefungua njia. Nikitoka leo, nimeitupa mwenyewe."

Nilikaa nikisikiliza bati likilia juu yetu. Yaani mwanamke huyu alikuwa amepima ukuta unaoinama na maneno ya kaka yangu, akaona afadhali ukuta. Na sisi nje tunamshonea njia ya kanga.

Nilimkasirikia Saidi hasira ambayo sijawahi kumkasirikia mtu. Lakini Saidi namfahamu. Si mtu mbaya. Alizaliwa kwenye chumba kile, amemzika mdogo wake, na anashikilia nyumba kama anayeshikilia maiti isipelekwe. Ukimwendea kwa matusi anakuwa jiwe. Kwa hiyo sikumtukana. Nilipanda kitandani, nikakunja miguu, nikaita kupitia dirisha linalotazama uchochoro.

"Kaka Saidi. Sogea nikuone, lakini usisimame karibu na ukuta."

Akatokea upande wa pili wa uchochoro, amekunja uso. "Mnatoka?"

"Hatutoki. Siku ya arobaini ulimwambia Zuleha kwamba akitoka mlango huu ametoka moja kwa moja. Ulisema, hukusema?"

Nyuma yake kulikuwa na Feliksi, na Mama Yona, na nusu ya mtaa. Saidi akawatazama. "Mwasiti, hayo ni mambo ya familia. Tutayazungumza kwa nafasi."

"Nafasi ipo. Mimi nimeshakaa."

"Nyumba hii alijenga baba."

"Najua. Na mimi mtoto wake. Fungu langu nimeshalikalia, ni hiki kitanda. Zuleha asipotoka, na mimi sitoki. Ukitaka kutuzika, utuzike pamoja, uokoe sanda."

"Usiongee hivyo," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Ardhi ikatikisika tena. Halikuwa tetemeko kubwa, lakini kutoka pale kitandani niliuona ukuta unavyohema, unakwenda na kurudi, na donge la udongo likatua kwenye mto kati yangu na Zuleha. Alinishika mkono. Sasa niliogopa kweli na nilitamani kukimbia. Ila ningekimbia mimi, yeye angebaki.

"Mwasiti!" Saidi alikuwa amesogea mpaka katikati ya uchochoro, Feliksi anamvuta shati. "Sawa. Sawa. Sikiliza. Zuleha akitoka leo ametoka kwa dharura. Hapa ni kwake. Leo, na baada ya eda, mpaka siku atakayosema mwenyewe kwamba basi. Hakuna mtu wa kumwondoa, wala mimi, wala watoto wangu."

"Mwenyekiti umesikia?"

"Nimesikia," alisema Feliksi.

"Mama Yona?"

"Nimesikia, na Imana, Mungu wetu, amesikia. Tokeni jamani."

Nikamgeukia Zuleha. Alikuwa ameinua uso, na macho yake yalikuwa makavu.

"Shemeji," aliita, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akipaza sauti. "Naomba urudie. Bati lilikuwa linapiga kelele."

Saidi akarudia, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu wa mnada.

Zuleha akasimama. Ukutani ilining'inia kanzu ya Gharib, akainyooshea mkono, nikamvuta. "Acha."

"Ni yake."

"Mwenyewe angekwambia uiache."

Tukatoka mbio, mimi nimemtanguliza mbele kama ninavyomtanguliza mbuzi, na kizingitini sikumpa nafasi ya kufikiri. Ule ukumbi wa kanga ulikuwa bado umesimama. Wale wanawake hawakuwa wameshusha mikono muda wote huo, na tulipopita katikati yao walianza kupiga vigelegele, mpaka wenye busara wakawakumbusha kwamba huyu ni mjane. Wakanyamaza, lakini walikuwa wanacheka, na mimi nilikuwa ninacheka, mpaka ndani ya turubai nikajikuta nimekaa chini bila kutaka.

Alasiri hiyo lilikuja tetemeko kubwa. Tulikuwa tumekaa, Mama Yona ameleta viazi vya kuchemsha, Zuleha alikuwa anasuka ukili wa mkeka ili mikono ipate kazi. Mchanga ukatuinua na kututua. Niliona kupitia upenyo wa turubai bati la nyumba yetu likipinda katikati, na ukuta wa chumba cha kulala ukashuka ndani wote kwa mara moja, bila haraka, na vumbi likapanda kupita minazi. Kelele zilipoisha, sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya Feliksi akiita majina ya watu wa mtaa, nyumba kwa nyumba, na nyumba kwa nyumba watu wakiitika. Wote waliitika. Hakuna aliyekuwa ndani.

"Imana ishimwe," Mama Yona alimshukuru Mungu kwa Kiha, akakiweka kiazi chini.

Zuleha aliinama akaweka paji la uso mchangani, akakaa hivyo muda mrefu. Nilimlalia mgongoni nikalia kama mtoto, na sikuona aibu hata kidogo. Nilikuwa nimefurahi. Nyumba tuliyozaliwa imelala chini, na mimi nilikuwa nimefurahi mpaka kifua kinauma.

Baadaye nilimkuta Saidi amechuchumaa mbali kidogo na kifusi, pale Feliksi alipomzuia asisogee zaidi. Kutoka pale kitanda kilionekana, au tuseme mguu mmoja wa kitanda.

"Ulikuwa umekaa pale," alisema.

"Ndiyo."

"Na yeye."

"Na yeye."

Akafunika uso kwa viganja. Nilikuwa nimemwandalia maneno tangu asubuhi, mengi na yenye ncha, lakini nilipoona mabega yake yanavyopanda na kushuka nikaenda kumletea maji.

Tulilala kiwanjani, mtaa mzima, watoto katikati. Ardhi ilitikisika mara kadhaa, kidogo kidogo, na kila mara mtu mmoja alisema "tupo," na wengine wakajibu "tupo," wakageukia upande wa pili.

Kulipokucha Saidi alikuja. Alikuwa ameoga, amevaa kofia. Kwenye ile nyumba, kaka yetu huyu alikuwa anaingia kwa kukohoa tu, kwa sababu ni ya baba. Sasa alisimama mbele ya turubai la dagaa lisilo na mlango, lililofungwa kwa kamba za katani, linalonuka samaki, mbali kidogo na upenyo wake, macho chini.

"Hodi," alisema.

Zuleha alinitazama. Nilitazama pembeni, maana kujibu haikuwa kazi yangu. Saidi akasubiri. Akasema tena, "Hodi hapa."

"Karibu, shemeji," alisema Zuleha.

Hakuingia. Alibaki nje ya upenyo, akasalimia, akamuuliza amelalaje. Kisha akasema, "Kuna mtu Mwandiga ana matofali ya kuchoma. Nataka nikazungumze naye leo. Kabla sijaenda nimekuja kukuuliza. Nyumba unaitaka iweje?"

Nilijua jibu la Zuleha, lile la mtakavyoona. Nililijua miaka yote, na ulimi wangu ulikuwa tayari kumjibia, nikaung'ata. Yeye akajitengeneza mtandio, akashusha ukili mapajani.

"Kwanza," alisema, "chumba cha kulala kisiwe nyuma. Kiwe upande wa ziwa."

"Upande wa ziwa," alisema Saidi.

"Na linta ya zege izunguke nyumba nzima, isiwe juu ya mlango tu. Mwenyekiti alieleza jana, nilimsikia. Kuta zisipande sana. Mlango wa uani ufunguke kwa kusukuma kwenda nje, ili mtu akikimbia asianze kuuvuta. Jikoni dirisha kubwa, moshi wa kuni umenimaliza macho. Ukumbi ule mwembamba siutaki tena."

Saidi alichuchumaa. Alipofika kwenye baraza na pa kukaa wageni wa kike, alikuwa ameshakaa kabisa mchangani, kofia mkononi. Zuleha hakuinua sauti, aliongea vile vile anavyoongea siku zote, ila hakukoma. Alikuwa na nyumba nzima kichwani, na sijui amekaa humo muda gani. Alipofika kwenye choo, jua lilikuwa limeshapanda, na kaka yangu alikuwa bado anaitikia, "Ndiyo, shemeji. Ndiyo."